Mgeni, Mwenyeji na Mji: Lugha ya Matembezi ya Mara ya Kwanza katika Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna Kiswahili kinavyomtaja na kumsimulia mtu anayeuona mji mkubwa kwa mara ya kwanza. Data zake ni msamiati wa kawaida, methali, na masimulizi ya safari yaliyoandikwa kwa Kiswahili kati ya miaka ya 1890 na 1932. Makala inaonesha kwamba tendo moja la kuutazama mji hupewa majina mawili, utalii na ushamba, na kwamba tofauti ya majina hayo haitokani na tendo lenyewe bali na nafasi anayopewa mtendaji. Aidha, makala inadai kuwa neno la Kiswahili lililo karibu zaidi na tendo hilo ni kitenzi cha kutendesha, kutembeza, ambacho kinadai kuwapo kwa mhusika wa tatu, yaani mwenyeji. Mgeni huonekana mshamba pale mwenyeji anapokosekana. Mwishoni, makala inapendekeza namna ya kuyashughulikia maneno haya katika kamusi na katika ufundishaji wa insha.

Istilahi muhimu: mgeni, mwenyeji, mshamba, mtalii, kutembeza, masimulizi ya safari

1.0 Utangulizi

Malampaka ni mji mdogo wa stesheni katika Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu. Umo kwenye tawi la Reli ya Kati linalotoka Tabora hadi Mwanza, tawi ambalo lilikamilika mwaka 1928. Abiria anayepanda treni hapo ana pande mbili za kwenda. Akielekea kaskazini atafika Mwanza, kwenye ufuko wa Ziwa Victoria. Akielekea kusini atapita Shinyanga na Tabora, kisha atakwenda mashariki hadi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Kwa karibu karne nzima reli hiyo imechukua pamba na watu wa Usukumani, na wengi wao wameuona mji mkubwa kwa mara ya kwanza kupitia dirisha la behewa. Ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, yenye urefu wa kilomita 341, unatarajiwa kuwafikisha wengine wengi huko kwa haraka zaidi.

Tuchukue abiria mmoja wa kubuni. Ameshuka Mwanza, amefika ufukoni, amesimama mbele ya Jiwe la Bismarck na kulitazama kwa muda mrefu. Pembeni yake amesimama mtu mwingine aliyetoka Munich, naye analitazama jiwe lilelile kwa muda uleule. Msemaji wa Kiswahili anayepita hapo atamwita huyu wa pili mtalii. Huyu wa kwanza, hasa ikiwa mavazi au matamshi yake yamemtambulisha, ana hatari ya kuitwa mshamba. Wote wawili ni wageni, wote hawajawahi kufika, na wote wanatazama. Swali la makala hii ni kwa nini lugha inawatenga, na kama lugha hiyohiyo haina njia nyingine ya kumtaja yule wa Malampaka.

Swali hili linahusu pia darasa. Insha ya safari ya kwanza mjini ni miongoni mwa insha zinazotungwa sana na wanafunzi wetu wa shule za msingi na sekondari. Mwanafunzi anayeandika insha hiyo huchagua msamiati, na msamiati anaouchagua humweka mahali fulani. Tukimpa maneno ya kejeli peke yake, tutakuwa tumemfundisha kujicheka kabla hajajifunza kusimulia.

Mifano yenye namba katika makala hii ni ya matumizi ya kawaida, na imetungwa kwa ajili ya ufafanuzi. Alama ya kuuliza mbele ya mfano inaonesha kuwa sentensi hiyo haiwi ya kawaida masikioni mwa wasemaji.

2.0 Mjini ni wapi?

Kabla ya kumjadili mgeni, ni vyema kulitazama neno mjini lenyewe. Kisarufi, neno hili ni nomino mji iliyoambishwa kiambishi tamati cha mahali -ni, na huweza kutawala upatanishi wa ngeli za mahali:

(1) Mjini kumechangamka.
(2) Mjini pamejaa watu.
(3) Mjini mna mambo.

Kisemantiki, hata hivyo, mjini linatofautiana na majina ya mahali kama Mwanza au Bariadi. Jina la mahali halibadiliki kwa kubadilika kwa msemaji. Mjini hubadilika. Mtu aliye kijijini nje ya Malampaka akisema "naenda mjini" anaweza kuwa na maana ya Malampaka yenyewe. Akiwa Malampaka, neno hilo linaweza kumaanisha Maswa, Bariadi, Shinyanga au Mwanza, kutegemea shughuli iliyopo. Mkazi wa Mbagala au Tegeta, ambaye tayari yumo ndani ya Dar es Salaam, jiji lenye mkoa uliohesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022, naye husema "naenda mjini" akimaanisha Posta au Kariakoo. Kwa hiyo mjini hufanya kazi inayokaribiana na ya vionyeshi. Maana yake hupatikana kwa kujua msemaji yuko wapi, na huelekea daima mahali panapohesabiwa kuwa kitovu.

Matokeo yake ni kwamba hakuna mtu aliye wa mjini kwa kila hali. Karani wa Maswa ni mtu wa mjini anapokwenda kumsalimu babu yake kijijini, na ni mgeni anaposhuka Mwanza. Mtu wa Mwanza naye hugeuka kuwa mgeni Kariakoo, na mtu wa Kariakoo hugeuka kuwa mgeni London. Ngazi hii tutairudia katika sehemu ya 6.0, kwa kuwa mmoja wa waandishi tutakaowajadili alikuwa mtu wa mjini katika kila mji wa Tanganyika, lakini hakuwa hivyo alipofika Uingereza.

3.0 Mshamba na mtalii

Neno mshamba limeundwa kwa kiambishi ngeli m- cha ngeli ya watu na nomino shamba. Katika matumizi ya Unguja na pwani, shamba halina maana ya konde peke yake, bali lina pia maana ya eneo lote lililo nje ya mji. Kwa maana hiyo ya awali, mshamba ni mtu akaaye shamba, kama vile mpwani ni mtu akaaye pwani. Maana iliyotawala leo ni nyingine: mtu asiyejua mambo, asiye na adabu za mjini, anayeshangaa kisichostahili kushangaliwa. Ndiyo maana mtu aliyezaliwa na kukulia Ilala anaweza kuambiwa "acha ushamba" kwa sababu tu hajui kutumia simu mpya. Maana ya makazi imetoweka, na iliyobaki ni hukumu.

Jambo la kuzingatia ni kutolingana kwa jozi hii kimofolojia. Kwa mtu wa shamba tuna nomino moja kamili, mshamba, pamoja na nomino dhahania ushamba. Kwa mtu wa mji hatuna *mmji wala *umji. Tunalazimika kutumia kirai chenye a-unganifu: mtu wa mjini, mtoto wa mjini. Anayetajwa kwa nomino mahususi ndiye anayeonekana kuwa wa pekee. Anayetajwa kwa kirai cha kawaida ndiye kipimo. Maneno haya yanatazama kutoka mjini kuelekea shamba, na anayetazama hakuhitaji jina lake mwenyewe. Kinyume cha mshamba katika mazungumzo huwa mjanja, neno la sifa ya akili na si la makazi. Misemo kama "mjini shule" na jina la utani Bongo, linalohusishwa na ubongo, inaendeleza wazo hilo kwamba mji ni mtihani, na kwamba mgeni huanza akiwa mtahiniwa ambaye hajasoma.

Mtalii ana historia tofauti. Kitenzi kutalii kimetoka katika Kiarabu, kwenye kitenzi chenye maana ya kusoma au kupitia jambo kwa makini. Kwa asili yake, basi, mtalii ni msomaji: mtu anayeupitia mji kama anayepitia kitabu. Matumizi ya sasa yamelifunga neno hili kwa mtu wa nje ya nchi, hasa Mzungu, na kwa hifadhi, fukwe na milima. Ushahidi ni kwamba tunapotaka kulitumia kwa Mtanzania hulazimika kuliongezea kivumishi: mtalii wa ndani, utalii wa ndani. Kivumishi hicho kinaonesha kuwa mtalii asiye na sifa ya ziada ni wa nje. Abiria wetu wa Malampaka anaweza kuitwa mtalii wa ndani katika hotuba au bango. Katika mazungumzo ya kituo cha daladala, ni nadra.

4.0 Vitenzi vya kutazama

Tofauti hii haiishii kwenye nomino. Inaonekana pia katika vitenzi ambavyo kila mmoja wa wageni wetu wawili hupewa. Mtalii huzuru, hutembelea, hutazama, hupiga picha, hujionea. Mshamba hushangaa, huduwaa, huzubaa, hukodoa macho. Vitenzi vya kundi la kwanza ni vya utendaji: mtu huamua kuvitenda. Vingi vya kundi la pili ni vya hali: humpata mtu. Kipimo rahisi ni amri. Kwa vitenzi vya kundi la kwanza, amri ya uyakinishi na ya ukanushi zote ni za kawaida:

(4) Tazama lile jengo.
(5) Usitazame jua.

Kwa vitenzi vya kundi la pili, ukanushi ni wa kawaida na uyakinishi huleta shaka:

(6) Usizubae barabarani!
(7) ?Zubaa barabarani!
(8) Usishangae, panda gari.
(9) ?Duwaa kidogo.

Mtu hukatazwa kuzubaa kwa sababu hali hiyo humjia bila kuitaka, na haamriwi kuzubaa kwa sababu hakuna wa kuitii amri hiyo. Vitenzi -shangaa, -duwaa, -zubaa, -pumbaa na -bung'aa vinashabihiana hata kwa umbo, kwani vyote vinaishia na irabu -aa, kama vilivyo vitenzi vingine vya hali mfano wa -chakaa na -sinyaa. Mgeni anayesimuliwa kwa vitenzi hivi hupokonywa utendaji. Mji ndio unaotenda, yeye hutendwa. Ndiyo maana kauli ya kusababisha hutokea kwa urahisi mji ukiwa kiima: "Mji ulimshangaza."

Uradidi nao huongeza uzito huohuo. Kutazama ni tendo lenye shabaha, ilhali kutazamatazama halina. Vivyo hivyo kutembea na kutembeatembea, kushangaa na kushangaashangaa. Kauli "alikuwa anashangaashangaa pale stendi" haimtaji mtu aliyevutiwa na jambo fulani. Inamtaja mtu aliyepotewa na shabaha, na anayesimulia huwa tayari amekwisha kumcheka.

Methali inayosema mgeni ni kuku mweupe inaeleza upande wa pili wa hali hii. Kuku mweupe huonekana kati ya kuku wote, hata asipofanya lolote. Mgeni anadhani amekuja kuona, kumbe ameonwa kabla. Kwa mtu wa Usukumani kuonwa huko hufanywa pia kwa masikio. Kisukuma kina irabu saba, Kiswahili kina tano. Na kitamkwa /r/ si cha asili katika Kisukuma, hivyo barabara huweza kutamkwa balabala. Matamshi hayo si kosa la akili. Ni athari ya kawaida ya lugha ya kwanza, na hupatikana kwa wasemaji wa lugha nyingine nyingi za Kibantu. Hata hivyo, huchukuliwa mjini kuwa cheti cha ushamba. Maamkizi nayo humfichua. Aliyezoea kumwamkia kila mkubwa kwa shikamoo, na kutanguliza hali ya nyumbani kabla ya kueleza shida, humwamkia kondakta vilevile wakati gari linaondoka. Kwa kanuni za nyumbani kwake amefanya adabu. Kwa kanuni za kituo amechelewesha watu.

5.0 Kutembezwa: jozi iliyosahauliwa

Uchambuzi ukiishia hapa, tutahitimisha kuwa Kiswahili kina maneno ya kumheshimu mgeni wa mbali na ya kumdharau mgeni wa karibu. Hitimisho hilo litakuwa na upungufu, kwa sababu litaacha jozi kongwe zaidi kuliko mshamba na mjanja, yaani mgeni na mwenyeji.

Mgeni ni neno la mzizi wa Kibantu, na lina ndugu zake katika lugha nyingi, Kisukuma kikiwamo. Mwenyeji hufasiriwa kuwa mkato wa mwenye mji. Uchanganuzi huo una uzito kwa mada yetu: neno linalomtaja anayempokea mgeni limebeba mji ndani yake. Kwa mujibu wa jozi hii, mji hauna ujanja wala ushamba. Una mwenyewe, na mwenyewe huyo ana wajibu. Methali mgeni njoo, mwenyeji apone inakwenda mbali zaidi kwa kumweka mgeni kuwa sababu ya heri ya mwenyeji. Ile isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe inauwekea ugeni huo mpaka, lakini hata yenyewe haimdharau mgeni. Inampandisha kutoka kwa mtu wa kulishwa na kumfanya mtu wa kazi.

Katika jozi hii ndimo linamopatikana neno halisi la Kiswahili la kumwonesha mtu mji. Neno hilo ni kutembeza, kauli ya kutendesha ya kutembea. Tulinganishe:

(10) Alitembea mjini siku nzima.
(11) Mjomba alimtembeza mjini siku nzima.
(12) Alitembezwa mjini na mjomba wake.

Mfano (10) hauelezi kama mtembeaji aliuona mji. Huenda alikuwa akitafuta kazi, au alipotea. Mifano (11) na (12) haina utata huo: mgeni ameoneshwa mji. Maana ya kuuona mji kwa furaha na kwa kuelekezwa imeletwa na kiambishi cha kutendesha, na kiambishi hicho kimeleta mhusika wa tatu. Kwa Kiswahili, kuuona mji kwa mara ya kwanza ni tendo la watu wawili na mahali pamoja: mgeni, mwenyeji na mji. Kutembelea, kauli ya kutendea, hakufanyi kazi hiyo. Kauli "ametembelea Mwanza" inatosha kwa mtalii mwenye ramani yake. Kauli "ametembezwa Mwanza" inadai kuwapo kwa mtu.

Mwenyeji hutenda mambo mawili. Kwanza, humkinga mgeni na macho. Kuku mweupe anayetembea na kuku wa nyumba ile haulizwi katoka wapi. Pili, humgeuzia kushangaa kuwa kutazama, kwa kumpa majina na sababu. Mgeni anayefika Kariakoo peke yake anaona msongamano. Akiambiwa kwamba jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, ameanza kuusoma mji. Akifikishwa kwenye Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, na kuelezwa kuwa inawakumbuka askari na wapagazi wa vita hivyo, ataunganisha sehemu mbili za mji zilizo mbali. Hapo amekuwa mtalii kwa maana ya asili ya neno lenyewe, yaani msomaji.

Kutokana na hayo, mshamba anaweza kufasiriwa upya kuwa ni mgeni aliyekosa mwenyeji. Katika makazi ambamo kila anayeshuka garini ana mjomba, shangazi au mtu wa kwao wa kumpokea, jozi ya mgeni na mwenyeji hutosha. Mji unapokuwa mkubwa kiasi kwamba wengi hufika bila kupokewa, na wakazi wenyewe ni wageni wa juzi, hakuna anayejihisi kuwa mwenye mji. Jozi ya mshamba na mjanja huchukua nafasi. Si ajabu kwamba anayemcheka mgeni kwa sauti kubwa zaidi mara nyingi ni yule aliyefika mwaka uliotangulia, kwa kuwa ndiye anayehitaji zaidi kuonesha kuwa amekwisha kuvuka mpaka huo.

6.0 Waliosimulia

Je, mgeni wa mara ya kwanza anaweza kujisimulia mwenyewe kwa Kiswahili bila kujiita mshamba? Historia ya nathari ya Kiswahili inajibu kuwa anaweza, na kwamba alifanya hivyo mapema. Baadhi ya maandishi ya kwanza ya nathari ya Kiswahili yaliyochapishwa ni masimulizi ya wageni katika miji mikubwa ya Ulaya.

Amur bin Nasur alifundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki cha Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1890. Habari zake, pamoja na maelezo ya maisha ya Berlin, zimo katika mkusanyiko uliochapishwa na Büttner mwaka 1894. Selim bin Abakari, mtu wa asili ya Ngazija, alifuatana na Mjerumani Bumiller hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Simulizi lake lilichapishwa katika Safari za Wasuaheli, kitabu alichokihariri Velten mwaka 1901. Selim hafichi kuwa yeye mwenyewe alikuwa kuku mweupe, kwani anaeleza namna wenyeji walivyomshangaa kwa rangi yake. Jambo la maana kwetu ni kwamba anayaeleza hayo kama habari nyingine za njiani. Kuonwa hakukumnyang'anya nafasi ya kuona, kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi mwake.

Majina ya aina za masimulizi hayo yanafaa kuangaliwa. Habari ni neno linalomfanya anayesema kuwa mjuzi: mwenye habari ndiye anayeulizwa. Safari, hasa ikiambatana na kimilikishi yangu kama ilivyo kwa Selim, huifanya njia kuwa mali ya msimulizi. Katika majina yote mawili mgeni hurudi nyumbani akiwa na kitu cha kuwapa waliobaki. Nyumbani ndiko hadhira ilipo, na hadhira hiyo haijafika mjini, hivyo haina sababu ya kumcheka.

Mfano ulio bora zaidi kwa uchambuzi wa lugha ni wa Martin Kayamba. Mwaka 1931 Waafrika watatu kutoka Tanganyika walikwenda London kutoa ushahidi mbele ya Kamati ya Pamoja ya Bunge la Uingereza iliyochunguza pendekezo la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Walikuwa Mtemi Makwaia wa Shinyanga, Francis Lwamgira wa Bukoba, na Kayamba mwenyewe kutoka Tanga. Kayamba alikuwa karani mwenye cheo na mwanzilishi wa chama cha watumishi Waafrika wa serikali kilichoundwa Tanga mwaka 1922; nyumbani alikuwa mtu wa mjini kwa kila kipimo. Makwaia alitoka Usukumani, katika eneo ambalo treni ya Malampaka hulipita ikielekea kusini. Mbele ya London, ngazi iliyomtenga karani wa pwani na mtemi wa bara ilipoteza sehemu kubwa ya maana yake.

Kitabu cha Kayamba kilichapishwa mwaka 1932 kwa jina la Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Mambo matatu katika jina hilo yanahusu mada yetu. La kwanza ni kiambishi nafsi tu-. Kayamba hakusema "nilivyoona". Aliweka nafsi ya kwanza wingi, ambayo inawatia ndani wenzake, naye mtemi wa Usukumani yumo. La pili ni kirejeshi -vyo-. Kirejeshi hiki kina maana mbili katika Kiswahili: kinaweza kurejelea nomino za ngeli ya vi-, yaani vitu tulivyoona, na kinaweza kuonesha namna, yaani jinsi tulivyoona. Kwa kuwa hakuna nomino iliyotajwa, jina la kitabu limebeba maana zote mbili kwa pamoja. Msomaji ameahidiwa vitu vya Uingereza, na vilevile ameahidiwa macho ya walioviona. La tatu ni mfuatano wa vitenzi. Kuona kumefuatwa na kufanya. Wageni hao walitembezwa, lakini walikwenda kwa kazi, na kazi hiyo ilihusu mustakabali wa nchi yao. Ni vigumu kuviweka vitenzi -duwaa na -zubaa katika jina la aina hiyo.

Inafaa kukiri mipaka ya ushahidi huu. Maandishi ya Amur na Selim yalikusanywa na wataalamu wa Kijerumani kwa ajili ya wanafunzi wao, na kitabu cha Kayamba kilitolewa na wachapishaji wa Kiingereza wakati wa ukoloni. Sifa kwa miji ya Ulaya hazikukosa mtu wa kuzipokea. Pamoja na hayo, umbo la masimulizi lilibaki kuwa la Kiswahili, na liliwahudumia hata waliokuwa na sababu ya kuwa waangalifu. Lililothibitika ni kwamba lugha ilikuwa na nafasi ya tatu kando ya mtalii na mshamba: nafasi ya msimulizi.

7.0 Athari kwa kamusi na ufundishaji

Kutokana na uchambuzi huu, mapendekezo matatu yanatolewa.

Kwanza, katika leksikografia, kidahizo mshamba kinahitaji kutenganishwa maana mbili, ya makazi na ya dharau, na ile ya pili iwekewe alama ya matumizi. Mwanafunzi wa Kiswahili anayekuta fasili ya mkazi wa shamba peke yake anaweza kulitamka neno hili mbele ya mtu kwa nia njema na kumtukana. Vilevile kidahizo tembeza kinastahili kuonesha wazi maana ya kumwonesha mgeni mahali, tofauti na ile ya kutembeza bidhaa.

Pili, katika ufundishaji wa insha, mwalimu anaweza kuibadilisha mada bila kuiacha. Badala ya kumtaka mwanafunzi aeleze siku alipokwenda mjini kwa mara ya kwanza, anaweza kumtaka awaandikie habari waliobaki nyumbani, au aeleze alivyotembezwa na nani. Mabadiliko hayo madogo yanaleta hadhira na yanaleta mwenyeji, na kwa njia hiyo yanaleta vitenzi vya utendaji. Mwanafunzi wa Malampaka anayemwandikia bibi yake habari za Mwanza hana haja ya kujiita mshamba. Bibi atataka kujua jiwe lina ukubwa gani, samaki huuzwa bei gani, na nani alimpokea stesheni.

Tatu, matamshi yanayoathiriwa na lugha ya kwanza yafundishwe kama suala la fonolojia. Kumweleza mwanafunzi kwamba lugha yake ya kwanza haina /r/, na kumpa mazoezi ya kuitamka, ni kazi ya mwalimu wa lugha. Kumwacha acheke na kuchekwa si sehemu ya kazi hiyo.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kuwa maneno mshamba na mtalii hayatofautishi matendo, bali nafasi za watendaji. Kwamba nomino na vitenzi vinavyomtaja mgeni wa karibu humwondolea utendaji. Na kwamba Kiswahili kina jozi nyingine, mgeni na mwenyeji, yenye kitenzi chake, kutembeza, na yenye utanzu wake wa masimulizi, habari na safari. Uchunguzi zaidi unahitajika kuhusu namna jozi hizi zinavyojitokeza katika riwaya za Kiswahili za miaka ya 1970 zinazowasimulia vijana wanaohamia mijini, na katika mazungumzo halisi ya stendi na stesheni. Reli mpya itakapoanza kuwachukua abiria wa ukanda huo, watakaofika Mwanza kwa mara ya kwanza wataongezeka. Lugha ya kuwapokea tunayo tayari. Kinachohitajika ni wakazi wa mji kukubali wajibu uliomo katika neno mwenyeji.